Maji ya Lulu na Mwali Asiyecheka

Mkono uliomkamata Mwanahawa haukuwa wa somo yake.

Wasomaji wangu, wiki iliyopita tulimwacha mwali huyu amejitenga chumba cha ndani, nyumbani kwa baba yake mkubwa Ahmadi pale Mwanjelwa, Mbeya. Kijiti chenye kitambaa kilikuwa kimekwisha chovywa kwenye chupa ya Maji ya Lulu, kimebakiza upana wa unyasi kugusa meno. Ndipo mkono ukatokea nyuma yake, ukambana.

"Weka chini, mdogo wangu," sauti ilisema. "Taratibu, yasikumwagikie."

Mwanahawa aligeuka. Aliyemshika alikuwa mwanamke mgeni, amejitanda kaniki mpaka puani, vumbi la barabara limempanda hadi magotini, mkononi ana ndoo tupu. Hiyo ndoo ndiyo iliyompitisha mlangoni. Nyumba ya harusi, nani atamwuliza mwenye ndoo anakwenda wapi?

"Wewe nani? Nitaita watu."

"Kamwene," mgeni alimsalimu kwanza, kama wanavyosalimiana kwao. "Mimi naitwa Verediana. Natoka Nyololo, nimekuja na lori la mbao. Namtafuta Zubery muuza maji. Sokoni wameniambia ameshahama, ila chupa yake moja imeingia humu. Umeshapaka meno mangapi?"

"Niache. Watu wa bwana harusi wako njiani toka Iringa."

"Mangapi?"

Mwanahawa akashusha upindo wa kanga. Hakuwa amewahi kumwonyesha mtu kinywa chake kwa hiari.

Mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa meupe kama ukuta uliopakwa chokaa jana. Mengine yote yalikuwa ya kahawia, yana mistari na madoa, kama yalivyokuwa tangu yalipoota.

Rangi ile aliipata kwa bibi yake, ng'ambo ya Rujewa, kwenye kisima ambacho kila mtoto aliyekinywea alitoka na meno ya namna hiyo. Haukuwa uchafu. Alisugua kwa mkaa, akasugua kwa majivu, akasugua kwa chumvi mpaka ufizi ukatoa damu, na meno yakabaki vilevile. Halfani, bwana harusi, alimwona mara moja tu, na siku hiyo Mwanahawa alikuwa ameishika kanga mdomoni. Halfani akasema, huyu binti ana haya. Akaleta posa.

Sasa haya hiyo ilikuwa inafika mwisho. Kwao Halfani wana mila yao, kumchekesha mwali. Kabla ndoa haijafungwa, wanawake wa upande wa mume huingia kwa mwali, wakamtania, wakamsimanga, wakamtolea visa, mpaka acheke. Wa kwanza kuyaona meno yake hupewa doti ya kanga, kisha hutoka uani kuwatangazia wenzake alichokiona.

Ndiyo sababu Zubery akaitwa. Alimpaka mawili kuwa mfano, akaacha chupa, akasema yaliyobaki mwali ayamalize mwenyewe siku ya harusi, yawakute wageni yakiwa mapya.

"Basi umeona," Mwanahawa alisema. "Siwezi kutoka hivi. Afadhali kwanza yalikuwa yote rangi moja."

"Najua. Na mimi Zubery alinianzia na mawili."

Verediana akaiteremsha kaniki.

Mwanahawa alirudi nyuma mpaka mgongo ukagonga kitanda. Yale hayakuwa meno. Yalikuwa kama mahindi yaliyokaa ghalani na fukusi: mengine vishimo, mengine vipande, mengine yamesagika na kubaki vijiti vyeusi.

"Pasaka ya mwaka juzi nilikuwa mzuri," Verediana alisema. "Kanisani nikiimba watu wananitazama mimi, hawamtazami padri. Mume wangu Liberatus akawa ananichekesha makusudi, njiani, shambani, ayaone tu. Mavuno yalipofika nikauma kipande cha muhogo. Jino likabaki kwenye muhogo."

Hapohapo kitasa kilizunguka.

Aliyeingia alikuwa Bi Chiku, somo yake aliyemfunda, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alimwona mgeni. Aliiona ndoo. Halafu akakiona kijiti kimelazwa mezani, kimeanza kukauka.

"Nini hii? Mwali wangu chumbani na mtu wa njiani? Wewe mama, visima viko huko nje."

"Somo, anasema maji haya yanaharibu."

"Anasema nani? Nimemleta Zubery mimi mwenyewe, nikasimama pale pale akipaka. Yamewaka au hayakuwaka? Kaa chini. Watu wa Iringa wameshapita darajani, nimeambiwa sasa hivi. Fungua kinywa."

Bi Chiku alikichukua kijiti, akakitumbukiza chupani, akamshika mwali kidevu kwa vidole vilivyozoea kushika videvu vya wali wengi. Chumba kikajaa harufu ya marashi, na chini ya marashi kulikuwa na harufu nyingine, kali, ya kukwaruza koo.

"Somo, yananiuma. Tangu siku ile. Hata upepo ukipita."

"Uzuri hauji bure. Mimi nilitobolewa masikio kwa mwiba."

Verediana hakubishana naye. Pembeni ya kitanda kulikuwa na kikapu cha mayai, zawadi ya majirani. Alichukua yai moja, akalishika chini ya mkono wa Bi Chiku, akaligusisha kwenye kile kijiti.

Yai likachemka.

Povu dogo, jeupe, linalonong'ona. Wote watatu walilisikia. Verediana alingoja, akaligusisha tena, akangoja tena, kisha akalikwaruza kwa ukucha. Ganda likatoka unga kama chaki. Kidole kikazama, kiini kikamtiririkia mkononi.

Bi Chiku aliachia kidevu cha mwali.

"Kuna daktari wa meno alinieleza hospitali ya misheni," Verediana alisema huku akijifuta. "Jino nalo lina ganda, gumu kuliko hili. Doa la kisima limekaa ndani ya ganda, tangu utotoni. Maji haya hayaoshi doa. Yanalila ganda, doa linaondoka pamoja na ganda lake. Wewe ukitazama kwenye kioo unaona weupe, unashukuru. Ule weupe ni kidonda. Na ganda la jino si ukucha, halioti tena. Baadaye chai inaingia mle, mboga inaingia mle, linakuwa jeusi kuliko mwanzo. Halafu linavunjika."

"Mbona bibi zetu walisugua mkaa na chumvi, wakazeeka na meno yao?" Bi Chiku aliuliza, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Mkaa unatoa uchafu wa juu tu, shikamoo mama. Hata wenyewe ukiusugua kwa nguvu kila siku unakwangua. Nilimwuliza, maana vyote nilikwisha jaribu."

"Kwa hiyo hakuna dawa kabisa?" Mwanahawa aliuliza.

"Ipo ile ya povu, wanayooshea vidonda. Daktari anaizimua, anakinga ufizi kwanza, anapaka kidogo kidogo yeye mwenyewe. Hiyo inaingia ndani inafifisha doa, ganda inaliacha. Lakini akasema hata hiyo ufizi ukianza kuwaka anasimamisha. Na doa kama lako haliishi lote, linabaki mawingu mawingu. Tena si kazi ya siku moja."

Si kazi ya siku moja. Na nje, wakati huohuo, vigelegele vilipasuka.

Watu wa Iringa walikuwa wamefika.

Bi Chiku alisimama katikati ya chumba kama mtu aliyesahau alichofuata. Halafu akazinduka. Alimsukutulisha mwali maji, tena na tena, akamletea kikombe cha maziwa akae nayo mdomoni. Chupa na kijiti akavisukuma chini ya kitanda. Kaniki ya Verediana akaivua, akamfunga kanga mbili za maua.

"Wewe leo ni binti wa mdogo wangu. Kaa pale pembeni, usifungue kinywa. Na wewe," alimgeukia Mwanahawa, "kinywa chako kimefungwa. Usicheke. Wakikutania, kimya. Wakikufinya, kimya. Watasema mwali ana adabu. Akishaoa, mtajuana wenyewe huko ndani."

"Na nikicheka?"

"Utakuwa umecheka mara ya mwisho. Hawa watatoka hapo uani na kutangaza kuwa tumewauzia mke wa madoadoa, na bwana atapandishwa basi jioni hii hii."

Waliingia kwa kishindo, kanga mpya zikinuka duka, wakiongozwa na Bi Rukia, shangazi wa Halfani aliyemlea tangu mama yake alipofariki. Bi Rukia alikuwa mnene, mwepesi, na alipocheka meno yake mawili ya mbele yalimeta dhahabu. Wanawake wa Mwanjelwa walikuwa wakiyazungumzia kabla hajashuka basi.

"Huyu ndiye?" alisema. "Mbona mdogo? Halfani alituambia mke, hakutuambia kifaranga."

Chumba kikaangua kicheko. Mwanahawa aliinamisha kichwa, ameshika kanga mdomoni.

"Mwali, tumekula vumbi toka Iringa mpaka hapa. Tukikohoa linatoka tofali. Na wewe unatunyima meno tu?"

"Pengine hana," alisema mmoja nyuma.

"Anayo. Ameyaficha kama mwenye duka anavyoficha sukari."

Mwanahawa alitazama mkeka. Alihesabu ukindu kwa ukindu. Kicheko hakikuwa karibu, hofu ilikuwa imekizuia. Lakini Bi Rukia alikuwa hajaanza.

"Ngojeni niwape habari za bwana harusi," alisema, akaketi karibu kabisa, magoti yakigusa magoti ya mwali. "Tumefika Nyololo, basi likazama kwenye tope la kijito. Dereva akasema wanaume washuke wasukume. Halfani na kanzu yake mpya, akashuka. Nikamwambia, mwanangu, wewe kaa. Akasema, shangazi, nisiposukuma nitaonekana mvivu kwa wakwe. Akasukuma. Basi likatoka kama jiwe la manati, na yeye akabaki pale pale alipokuwa. Ila amelala."

Wanawake walikuwa wameanza kushikana.

"Akainuka. Tope uso mzima, tope kichwa kizima, nyusi za tope. Akapita binti na kuni zake, akamtazama, akaweka mzigo chini, akapiga goti. 'Shikamoo, babu.'"

Chumba kilianguka kwa kicheko. Mmoja alijilaza ukutani. Na mle kifuani mwa Mwanahawa kitu kikafumuka, moto, kikapanda kooni. Aliliuma shavu lake kwa ndani. Aliona uso wa tope, aliona binti anapiga goti, akauma zaidi mpaka akaonja damu.

"Naye akaitikia," Bi Rukia aliongeza polepole. "'Marahaba, mjukuu wangu.'"

Mabega ya Mwanahawa yalitikisika. Kanga ilikuwa imebanwa mdomoni kwa mikono miwili. Bi Chiku, mlangoni, alikuwa amefumba macho. Kule pembeni Verediana alimtazama mwali bila kupepesa, kama mtu anayemtazama mtoto aliyesimama ukingoni mwa kisima.

Hakucheka.

Halafu mtu akasema, "Alhamdulillahi, huyu ana adabu," na wengine wakaitikia kwa mshangao wa kweli. Wali wa huko nyuma wote walikuwa wameshindwa na Bi Rukia.

Bi Rukia alisogeza uso karibu na wa mwali. Alikuwa anamwangalia.

"Basi anywe," alisema. "Mleteeni sharubati yetu. Kinywa kisichocheka kinywe."

Gilasi ikaja. Ndimu na sukari, imekaa kutwa kwenye mtungi, baridi kama asubuhi ya Mbeya mwezi wa saba. Hakukuwa na njia ya kuikataa. Mwanahawa aliipitisha chini ya upindo wa kanga, akaegemeza kwenye midomo, akanywa.

Maumivu yaliingia kama sindano. Yalipita kwenye yale meno mawili, yakapanda puani, yakatokea utosini. Hakutoa sauti. Machozi yalitoka yenyewe, mazito, yakamdondokea mapajani.

"Tokeni nje," Bi Rukia alisema.

"Lakini shangazi, bado hajacheka."

"Tokeni wote. Nitamchekesha peke yangu."

Walitoka wakinung'unika. Bi Chiku alibaki mlangoni, kwa kuwa somo hafukuzwi. Verediana alijisogeza nyuma ya pazia la kitanda, na hakuna aliyemjali.

Bi Rukia alisubiri mpaka nyayo zikafika uani.

"Fungua kinywa, mwanangu."

"Dada," Bi Chiku alianza, "mwali wetu ana haya sana, toka mdogo..."

"Sizungumzi na wewe. Mtu hatokwi na machozi kwa ndimu. Fungua."

Mwanahawa alimtazama somo yake. Somo hakuwa na la kumfundisha tena. Aliishusha kanga, akafungua.

Alikuwa amejitayarisha kwa kelele. Alikuwa amejitayarisha hata kwa kicheko. Bi Rukia hakufanya lolote kati ya hayo. Alitazama muda mrefu, akamgeuza uso kwenye mwanga wa dirisha, na alipozungumza sauti ilikuwa ndogo.

"Haya ya kahawia ni ya Mungu. Nani alikuanzia na haya mawili?"

"Zubery," Bi Chiku alijibu kwa niaba yake.

"Zubery ni miguu tu. Kichwa kiko barazani kwenu, kimevaa joho."

"Sikuelewi, dada."

"Nasema Halfani. Si mliambiwa anachaji betri za malori pale Iringa? Maji ya betri anayazimua, anatia marashi, anaziba chupa. Na yeye ndiye anayewafundisha wauzaji waanze na mawili ya mbele. Mtu akishakuwa na mawili meupe hawezi kurudi nyuma. Lazima anunue chupa."

Mwanahawa alisikia maneno yale yote, moja moja, lakini hayakukaa mahali. Aliona tu yule mtu wa tope aliyeitikia marahaba, ambaye dakika chache zilizopita alikuwa karibu kumpenda.

"Anajua yanavyofanya?" aliuliza.

Bi Rukia alitia kidole mdomoni, akagonga dhahabu yake kwa ukucha.

"Unadhani haya niliyaweka kwa urembo? Mimi nilikuwa wa kwanza. Meno yangu yalikuwa mekundu kwa tambuu, akasema shangazi, kaa hapa, nitakufanya msichana. Nilicheka kama msichana mwezi mzima. Yalipovunjika alilia, nakuapia alilia mbele yangu. Akasema yalikuwa makali mno, atayazimua zaidi. Akazimua. Wakaendelea kununua."

"Na wewe ukanyamaza."

"Nimemlea, mwanangu. Iringa wameshaanza kumnong'ona, ndiyo maana anataka kuhamia kwenu huku. Nilisema akioa atatulia."

Pazia lilisogea. Verediana alikuwa amesimama wima, kanga za maua zimemteleza begani. Alikuwa amefuata mguu toka Nyololo, na sasa ameambiwa kichwa kiko barazani, hatua chache tu, kinakula tende na wazee.

"Nitamtoa," alisema. "Nitamtoa mbele yao wote."

"Utasema nini?" Bi Rukia hakushangaa hata kumwona. Alikuwa amekwisha viona vinywa vya namna ile. "Wewe nani kwao? Watasema mwanamke wa barabarani amekuja kuharibu ndoa. Watakutoa wewe."

Hapo mlango ukagongwa. Kwa adabu, kwa vifundo vya vidole, kama wanavyogonga wanaume wanapofika upande wa wanawake.

"Hodi. Sisi tumetumwa na shehe."

Ilikuwa sauti ya baba mkubwa Ahmadi. Nyuma yake alikuwa na mashahidi wawili. Mwanahawa alijua walichofuata, mwali yeyote anajua. Wamekuja kumwuliza kama anaridhia. Na alijua pia jinsi mwali anavyojibu swali hilo. Hajibu. Anainamisha kichwa, anajifunika, ananyamaza, na wao wanatoka na kimya chake wakakipeleka kwa shehe.

Bi Rukia alimshika mkono.

"Nyamaza tu," alimnong'oneza haraka. "Nyamaza, uingie, umwachishe huko ndani. Mimi amenishinda. Mke atamweza. Na meno yako hatasema kitu, ni kazi yake mwenyewe. Hutaaibika mbele ya mtu."

Ilikuwa kweli. Hicho ndicho kilichomtisha. Jambo alilolilia usiku na mchana, kwamba mume atayaona meno na kumrudisha, lilikuwa limekwisha. Halfani asingethubutu kumrudisha. Kilichotakiwa ni kukaa kimya, na kukaa kimya ndiyo kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote maisha yake.

Mlango ukafunguliwa nusu. Kofia ya baba mkubwa ilionekana, uso ameugeuzia pembeni kwa heshima.

"Mwanahawa binti Sefu. Halfani bin Zahoro ameleta posa, nasi tumeipokea. Unaridhia tukuozeshe?"

Kimya.

"Mwanahawa, unaridhia?"

Kimya. Bi Chiku, ambaye kazi yake ilikuwa kumkumbusha mwali ainamishe kichwa, alisahau kazi yake. Verediana alirudi nyuma ya pazia. Alikuwa ameweka kiganja kwenye midomo yake mwenyewe, akikibana.

"Amenyamaza," shahidi mmoja alisema. "Ameridhia, mzee. Twende, watu wana njaa."

Kofia ikaanza kurudi nyuma.

"Baba mkubwa."

Kofia ilisimama. Haikuwa sauti kubwa. Lakini mwali hazungumzi, na baba mkubwa Ahmadi alishtuka kama aliyesemeshwa na ukuta.

Mwanahawa alisimama, kanga ikamwanguka shingoni, akaiacha. Alikwenda mpaka mlangoni. Upepo wa uani ulimpiga kwenye yale meno mawili, ukauma mpaka macho yakazibika, naye akazungumza hivyo hivyo, kinywa wazi, kila mtu aone kilichomo.

"Sijaridhia na sijakataa. Mwambieni bwana harusi aje hapa mlangoni."

"Mwanangu, haijawahi kuonekana..."

"Aje, baba mkubwa. Nina swali moja kwake. Akilijibu, na mimi nitajibu lenu."

Wazee walitazamana. Baba mkubwa Ahmadi alitazama kinywa cha mtoto aliyemlea, kana kwamba anakiona mara ya kwanza, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Aliona meupe, akaona ya kahawia. Hakuelewa, lakini aligeuka akaenda.

Vijiko vikanyamaza. Hata wapishi walioinamia masufuria uani waliinua vichwa.

Mwanahawa alirudi, akaingiza mkono chini ya kitanda, akatoa chupa na kijiti.

Halfani alitangulia peke yake. Mrefu, joho jeusi juu ya kanzu safi aliyobadilisha, uso wa mtu aliyezoea kupendwa. Alikuwa akitabasamu kabla hajafika mlangoni, tabasamu la kumtuliza mwali mwenye woga. Ndipo akamwona amesimama wima, uso wazi. Akayaona meno. Macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye yale mawili, kama fundi anavyoitambua kazi yake kwenye ukuta wa mtu mwingine.

Tabasamu likafifia.

"Nani amekuuzia?" aliuliza taratibu.

"Anayeuliza hapa ni mimi, si wewe. Haya maji ni salama?"

Halfani alitazama nyuma. Mlango mzima ulikuwa umejaa watu: baba mkubwa, mashahidi, na shehe mwenyewe anakaribia huku akifuta mikono.

"Salama," alisema. "Wengi wamepaka. Yanataka tu mtu ajue kuyatumia."

"Wewe unajua?"

"Najua."

"Basi paka," Mwanahawa alisema, akamnyoshea chupa na kijiti. "Mawili tu. Ya mbele, ya juu. Ukimaliza nitajibu."

Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo, akidhani ni utani wa mwali, akaacha.

Halfani alimtafuta shangazi yake kwa macho. Bi Rukia alikuwa amegeukia ukutani. Verediana naye alikuwa ametoka nyuma ya pazia, akasimama pembeni ya mwali, akaiteremsha kanga iliyofunika kinywa chake.

Wazee mlangoni walipiga hatua nyuma.

Halfani hakurudi nyuma. Aliipokea chupa. Aling'oa kizibo, marashi yakajaa chumbani, akakichovya kijiti polepole, mkono wa mtu aliyeifanya kazi hii siku nyingi. Akakiinua mpaka usawa wa kidevu.

Hapo kijiti kikasimama, hakikufika kwenye meno, tone moja likadondoka kifuani mwa kanzu nyeupe, na watu wote waliokuwa mle, pamoja na Halfani mwenyewe, wakainamisha macho kutazama mahali lilipoangukia.